Kulinda mtandao bila kusoma barua za watu

Sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti siku hizi husafiri ikiwa imefungwa kwa fumbo. Barua pepe, malipo ya benki, ujumbe wa simu za mkononi na kurasa za magazeti hupita katika nyaya na mawimbi kwa namna ambayo mtu aliye katikati, hata akizinasa data hizo, hawezi kusoma maneno yaliyomo. Ufundi huo huitwa usimbaji fiche.

Kwa mtumiaji wa kawaida, usimbaji ni ngao. Lakini kwa msimamizi wa mtandao, yaani mtaalamu anayewajibika kwa mawasiliano ya benki, hospitali, chuo au ofisi ndogo ya gazeti, ngao hiyo imezusha swali gumu. Atamtambuaje mwizi aliyeingia ndani, ilhali mwizi naye anatumia fumbo lile lile?

Jibu limejengwa hatua kwa hatua kwa zaidi ya miongo mitatu: fumbo huficha maneno, lakini halifichi mwendo. Nani anawasiliana na nani, saa ngapi, kwa muda gani na kwa kiasi gani, ni mambo ambayo kwa sehemu kubwa hubaki wazi. Yakikusanywa na kuchorwa vizuri, hutosha mara nyingi kumfichua mdukuzi. Hutosha pia kumfichua mtu asiye na kosa lolote. Kwa sababu hiyo, ufundi wa kutazama mtandao hauwezi kutenganishwa na swali la nani anaruhusiwa kutazama.

Kutoka maandishi wazi hadi fumbo

Intaneti haikuundwa ikiwa na siri. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, majina ya watumiaji na maneno yao ya siri yalipita katika mitandao ya vyuo vikuu yakiwa maandishi wazi. Mwaka 1988 wataalamu wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, akiwemo Van Jacobson, walitengeneza programu ya tcpdump, ambayo humwezesha msimamizi kunasa pakiti, yaani vipande vidogo vya data, na kuvichunguza. Mwaka 1998 Gerald Combs alitoa programu ya Ethereal, ambayo tangu mwaka 2006 hujulikana kwa jina la Wireshark. Programu zote mbili zinatumika hadi leo.

Zana zinazomwezesha msimamizi kuchunguza hitilafu humwezesha pia mwizi kuiba. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Finland, mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, alibuni itifaki ya SSH ili wasimamizi waweze kuingia katika seva za mbali bila kusikilizwa njiani. Mwaka huo huo kampuni ya Netscape ilitoa itifaki ya SSL kwa ajili ya tovuti. SSL ndiyo iliyozaa TLS, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1999 na toleo la 1.3 mwezi Agosti mwaka 2018.

Kwa miaka mingi fumbo hilo lilitumika hasa katika kurasa za malipo. Mabadiliko yalikuja kwa kasi kuanzia mwaka 2010. Mwezi Januari mwaka huo Gmail ilianza kuwafungia watumiaji wake wote mawasiliano kwa HTTPS bila wao kuomba. Mwezi Oktoba programu iitwayo Firesheep ilionyesha hadharani jinsi ilivyokuwa rahisi kwa mtu aliyeketi katika mkahawa wenye mtandao usio na waya kuingia katika akaunti ya jirani yake.

Mwezi Juni mwaka 2013, nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden zilianza kufichua ukubwa wa upelelezi uliokuwa ukifanywa na idara za ujasusi za Marekani na Uingereza katika intaneti. Miaka miwili na nusu baadaye, Desemba mwaka 2015, taasisi isiyo ya kibiashara ya Let's Encrypt ilianza kumpa kila mwenye tovuti cheti cha kidijitali bila malipo. Tangu hapo ukurasa usiofungwa umekuwa ndio jambo la ajabu.

Kinachofichwa na kisichofichwa

Ili kuelewa kazi ya msimamizi, ni lazima kwanza kuelewa mipaka ya fumbo. Barua iliyo ndani ya bahasha iliyogundwa haisomeki, lakini mchukuzi wa barua anaiona anwani, muhuri wa posta na uzito wake. Data iliyosimbwa iko katika hali hiyo hiyo.

Kila pakiti hubeba anwani ya kompyuta inakotoka na ya kompyuta inakokwenda, kwa sababu bila anwani hizo ruta haziwezi kuipeleka. Hubeba pia namba ya mlango, ambayo hudokeza aina ya huduma: mlango wa 443 kwa kawaida ni wa tovuti zilizofungwa, na wa 22 ni wa SSH. Ukubwa wa pakiti, idadi yake na nafasi ya muda kati ya moja na nyingine navyo huonekana.

Kuna mengine yanayoonekana mwanzoni mwa mazungumzo. Kivinjari kinapobisha hodi kwenye seva, kwa kawaida hutaja waziwazi jina la tovuti kinayoitaka, kwani seva moja inaweza kuhifadhi tovuti nyingi. Hadi toleo la 1.2 la TLS, cheti cha seva nacho kilipita wazi. Toleo la 1.3 lilikifunika. Kabla ya hodi hiyo, kompyuta huwa imeuliza kwanza jina la tovuti hiyo lina anwani gani, na swali hilo, katika mfumo wa asili uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, halina fumbo lolote.

Milango hii inazidi kufungwa. Mwezi Oktoba mwaka 2018 ilichapishwa kanuni ya kuuliza majina ya tovuti kwa njia ya HTTPS, na mwaka 2020 kivinjari cha Firefox kilianza kuitumia kama desturi kwa watumiaji wa Marekani. Tangu mwaka 2023 vivinjari vikubwa vimeanza pia kutumia njia ya kuficha jina la tovuti wakati wa kubisha hodi, pale seva inapoikubali. Hata hivyo, anwani, muda na kiasi havijapata mfuniko.

Wasomaji walioishi katika Falme za Kiarabu wamelishuhudia jambo hili bila kulipa jina. Kwa miaka mingi, ujumbe wa maandishi wa WhatsApp umekuwa ukifika huko salama, lakini simu ya sauti kwa njia hiyo hiyo haipiti. Tangu Aprili mwaka 2016 ujumbe na simu za WhatsApp hufungwa kwa fumbo kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo anayezuia simu hizo hasikii mazungumzo. Wala hana haja ya kuyasikia. Simu huenda kwa mkondo mfululizo wa pakiti ndogo ndogo, katika pande zote mbili, kuelekea anwani zinazojulikana. Umbile hilo peke yake linatosha kuitambulisha.

Jinsi data inavyokusanywa

Msimamizi ana njia kuu mbili. Ya kwanza ni kunasa pakiti zote. Swichi nyingi za ofisi zinaweza kuelekezwa zitoe nakala ya kila kinachopita na kuipeleka kwenye kompyuta ya uchunguzi. Njia hii hutoa undani mkubwa, lakini ina gharama. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde ukijaa mchana na usiku huzalisha zaidi ya terabaiti 1 kwa siku, na sehemu kubwa ya shehena hiyo ni fumbo lisilosomeka.

Njia ya pili ni kuhifadhi muhtasari wa kila mazungumzo badala ya mazungumzo yenyewe. Kampuni ya Cisco iliingiza mfumo huo katika ruta zake mwaka 1996 kwa jina la NetFlow, na baadaye ukawa msingi wa kanuni ya kimataifa. Muhtasari mmoja hutaja anwani mbili, milango miwili, aina ya itifaki, wakati wa kuanza na kumaliza, idadi ya pakiti na idadi ya baiti. Ni mistari michache tu, lakini inaweza kueleza mengi. Tuseme muhtasari unaonyesha kwamba kompyuta ya mhasibu, saa 8 usiku, ilituma megabaiti 900 kwa anwani ya nchi ya nje ambayo ofisi haijawahi kuwasiliana nayo. Hakuna neno hata moja lililosomwa, lakini msimamizi ana sababu ya kutosha ya kuamka kitandani.

Kati ya njia hizo mbili ziko programu zinazotazama pakiti zikipita na kuandika kumbukumbu za yale yenye maana tu. Inayofahamika zaidi ni Zeek, iliyoanzishwa na Vern Paxson mwaka 1995 kwa jina la Bro na kubadilishwa jina mwaka 2018. Kwa mawasiliano yaliyofungwa, huandika toleo la TLS lililotumika, jina la tovuti iliyoombwa na, kinapoonekana, cheti kilichotolewa. Nayo programu ya JA3, iliyotolewa na wahandisi wa kampuni ya Salesforce mwaka 2017, huchukua namna programu fulani inavyobisha hodi na kuigeuza kuwa alama fupi. Programu mbili tofauti mara nyingi hubisha kwa namna tofauti, kama watu wawili wanavyobisha mlango kwa mikono tofauti. Hivyo programu haribifu inayojifanya kuwa kivinjari inaweza kujulikana kwa ubishaji wake.

Kutoka orodha hadi picha

Ofisi yenye kompyuta 50 inaweza kuzalisha mamia ya maelfu ya mihtasari kwa siku. Hakuna binadamu anayeweza kuisoma orodha hiyo. Anachoweza kufanya ni kuitazama, kwa kuwa jicho la mwanadamu ni hodari wa kuona kilichovunja utaratibu.

Mchoro wa kwanza uliozoeleka duniani ni ule wa programu ya MRTG, iliyotolewa mwaka 1995 na Tobias Oetiker. Huonyesha kiasi cha data kwa siku, wiki, mwezi na mwaka. Mchoro wa ofisi yenye afya hufanana na siku ya kazi: hupanda asubuhi, hulegea mchana watu wanapokwenda kula, hupanda tena, kisha hushuka jioni. Kilima kinachoinuka usiku wa manane kinahitaji maelezo. Huenda ni nakala za akiba zinazotumwa kwa ratiba, au ni jambo jingine.

Mchoro wa pili ni wa duara na mistari, ambapo kila kompyuta ni kitone na kila mawasiliano ni mstari. Kompyuta ya kawaida huwa na mistari kuelekea seva chache. Kompyuta iliyoambukizwa na inayotafuta mahali pa kuambukiza hutoa mistari kwenda kila upande, kama miale. Mchoro huu hupendeza machoni, lakini una kasoro: vitone vikifika mia kadhaa, hugeuka kuwa pamba isiyosomeka.

Wa tatu ni wa mikondo, ambao huonyesha kiasi kwa upana wa mkondo. Asili yake ni mhandisi Matthew Sankey, aliyeutumia mwaka 1898 kuonyesha nishati inavyopotea katika mtambo wa mvuke. Katika mtandao, huonyesha idara ipi inatuma data nyingi, na kwenda wapi.

Wa nne, ambao wengi hawautumii ingawa una manufaa makubwa, ni jedwali la rangi: saa za siku upande mmoja, kompyuta upande mwingine, na rangi inayokolea kadiri mawasiliano yanavyozidi. Hapa ndipo hujitokeza mpigo wa ajabu. Programu nyingi haribifu, zikishaingia katika kompyuta, hupiga simu nyumbani kwa bwana wao kila baada ya muda maalum, mathalan kila dakika moja. Kila simu ni ndogo na imefungwa kwa fumbo; peke yake haitiliwi shaka. Lakini binadamu hafungui tovuti kila sekunde ya 60 tangu jioni hadi alfajiri. Katika jedwali, mpigo huo huonekana kama mstari usiokatika.

Picha nayo hudanganya. MRTG huchukua wastani wa kila dakika 5. Njia ikijaa kabisa kwa sekunde 10 tu ndani ya dakika hizo, na kubaki tupu muda uliosalia, mchoro utaonyesha matumizi ya asilimia 3 hivi. Katika mchoro wa mwaka mzima, ambao huchora wastani wa siku, hata saa nzima ya wizi inaweza kumezwa. Aidha, picha inayotegemea nyekundu na kijani humwacha nyuma mtu asiyeweza kutofautisha rangi hizo. Mwaka 1996 mtaalamu wa Marekani, Ben Shneiderman, alishauri mpangilio ambao umekuwa kama kanuni: mtazamaji aanze kwa kuona yote kwa ujumla, kisha asogee karibu na kuchuja, na undani aupate pale tu anapouomba.

Uholanzi 2011: picha iliyotoboa siri

Thamani ya kutazama mwendo bila kusoma yaliyomo ilidhihirika nchini Uholanzi mwaka 2011. Kampuni ya DigiNotar ilikuwa mojawapo ya zile zilizoaminiwa na vivinjari vyote kutoa vyeti vya kidijitali, yaani hati zinazothibitisha kwamba tovuti ni ile inayojidai kuwa. Wadukuzi waliingia katika mitambo yake, na tarehe 10 Julai wakajitolea cheti cha bandia kwa jina la Google. Mwenye cheti hicho, akiweza kukaa katikati ya njia, angeweza kuzisoma barua za Gmail huku msomaji akiamini kwamba amefungiwa kwa usalama.

Siri ilitoka mwishoni mwa mwezi Agosti, pale mtumiaji mmoja nchini Iran alipoona kivinjari cha Chrome kikitoa onyo na kuuliza hadharani maana yake. Cheti kilifutwa tarehe 29 Agosti. Swali likabaki: ni wangapi waliodhurika?

Jibu halikupatikana ndani ya barua za watu, bali katika kumbukumbu za kawaida kabisa. Kivinjari kikipewa cheti, kilikuwa na desturi ya kuiuliza kampuni iliyokitoa kama bado ni halali. Maswali hayo yalikuwa yameandikwa katika seva za DigiNotar. Kampuni ya Fox-IT iliyofanya uchunguzi iliyapanga kwa siku na kwa mahali, ikayachora katika ramani inayotembea na wakati. Kuanzia tarehe 4 Agosti maswali yaliongezeka kwa ghafla. Yalitoka katika anwani zipatazo 300,000, na zaidi ya asilimia 99 ya anwani hizo zilikuwa nchini Iran. Kwa maneno mengine, watumiaji wengi wa nchi hiyo walikuwa wamesikilizwa kwa wiki kadhaa, na ramani ya vitone ndiyo iliyolionyesha jambo hilo. Mwezi Septemba DigiNotar ilitangazwa kufilisika.

Kisa hicho kina upande wa pili. Kumbukumbu zilizofichua uhalifu zilikuwepo kwa sababu kila kivinjari kilikuwa kikimnong'oneza mtoa cheti: mtu mwenye anwani hii anatembelea tovuti hii, sasa hivi. Kwa mtu anayejificha, mnong'ono huo ni hatari. Let's Encrypt ilisitisha huduma hiyo ya maswali mwezi Agosti mwaka 2025, na moja ya sababu ilizotoa ni kulinda faragha ya wasomaji. Ushahidi ulioliokoa jambo mwaka 2011 ulikuwa, wakati huo huo, uvujaji.

Kufungua bahasha na kuigundisha tena

Baadhi ya mashirika hayaridhiki na bahasha. Huweka katikati kifaa kinachofungua kila mawasiliano, kuyakagua, kisha kuyafunga tena kabla ya kuyapeleka yanakokwenda. Ili vivinjari vya wafanyakazi visilalamike, kompyuta za ofisi huwekewa cheti cha shirika lenyewe.

Wapo wanaoiona njia hii kuwa ya lazima. Hata hivyo, mwezi Machi mwaka 2017 kitengo cha serikali ya Marekani cha dharura za kompyuta, US-CERT, kilionya kwamba vifaa vingi vya aina hiyo hudhoofisha usalama, kwa kuwa havikagui vyeti vya tovuti kwa makini kama vivinjari vinavyofanya. Mwezi Novemba mwaka 2019 shirika la usalama wa taifa la nchi hiyo, NSA, lilitoa tahadhari kama hiyo. Sehemu moja ambapo mawasiliano yote hukaa wazi ni sehemu moja ambayo kila mdukuzi ataitamani.

Kuna pia hatari ya kuamini jicho lililolala. Mwaka 2017 kampuni ya Marekani ya Equifax, inayohifadhi taarifa za mikopo, iliibiwa data za watu wapatao milioni 147. Wezi walikaa ndani kwa siku 76. Kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yaliyofungwa, lakini cheti chake kilikuwa kimeisha muda miezi mingi kabla, na kifaa kikawa kinapitisha kila kitu bila kukitazama. Cheti kilipobadilishwa tarehe 29 Julai, mawasiliano ya kutiliwa shaka yalionekana papo hapo. Kifaa hakikuharibika, hakuna aliyekikumbuka. Mchoro mmoja wa tarehe za mwisho wa vyeti ungetosha kutoa onyo.

Njia hiyo ikivuka ofisi na kuingia katika taifa, huwa jambo jingine kabisa. Mwezi Julai mwaka 2019 watumiaji wa intaneti nchini Kazakhstan walitakiwa kuweka cheti cha serikali katika vifaa vyao. Mwezi Agosti kampuni za Google, Mozilla na Apple zilikizuia cheti hicho katika vivinjari vyao.

Anayetazama, na anayetazamwa

Mwezi Desemba mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Harvard kilipokea vitisho vya mabomu kwa barua pepe wakati wa mitihani. Mtumaji alikuwa ametumia mtandao wa Tor, unaoficha mahali mtu alipo. Lakini aliufikia kupitia mtandao wa chuo usio na waya, na kumbukumbu za chuo zilionyesha nani alikuwa ameunganishwa na Tor katika saa zile. Mwanafunzi aliyehojiwa alikiri. Hakuna fumbo lililovunjwa. Ulitazamwa mwendo tu.

Katika kisa hicho chombo kilitumika dhidi ya kosa. Lakini chombo chenyewe hakijui kutofautisha. Mtumishi anayewasiliana na gazeti kueleza ubadhirifu, mgonjwa anayetembelea tovuti ya zahanati fulani kila jioni, mkimbizi anayewapigia ndugu zake aliowaacha nyumbani, wote huacha mistari ile ile katika mchoro ule ule. Kwa chumba cha habari, kumbukumbu za nani aliwasiliana na nani ni orodha ya watoa habari, hata kama hakuna aliyekusudia kuiandika. Orodha hiyo ikiibwa, au ikidaiwa kwa nguvu, usimbaji wa barua zenyewe haumsaidii aliyetajwa.

Sheria imeanza kulitambua hilo. Mwezi Septemba mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania, iliamua kwamba haki ya faragha ya mfanyakazi haikulindwa ipasavyo pale mwajiri alipofuatilia mawasiliano yake, na ikataja kuarifiwa mapema kuwa mojawapo ya mambo ya kuzingatiwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data ilianza kutumika Mei 2018. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania na Oman mwaka 2022. Katika nchi nyingi anwani ya kompyuta inayoweza kuhusishwa na mtu huhesabiwa kuwa taarifa binafsi, kwa hiyo mchoro wa msimamizi si jambo la kiufundi pekee.

Mambo ya kuzingatia katika ofisi ndogo

Mtaalamu mwenye fedha kidogo na muda mchache anaweza kuanza hivi:

1. Aandike orodha ya vifaa vyote vilivyomo katika mtandao. Kisichojulikana hakiwezi kulindwa.

2. Akusanye mihtasari ya mawasiliano, si pakiti kamili. Pakiti zinaswe kwa muda mfupi tu, pale hitilafu maalum inapochunguzwa.

3. Atazame mchoro wa wiki kadhaa za kawaida kabla ya kutafuta yasiyo ya kawaida. Asiyeijua sura ya siku njema hataitambua siku mbaya.

4. Achore tarehe za mwisho za vyeti vyote, pamoja na matoleo ya TLS yanayotumika. Matoleo ya 1.0 na 1.1 yaliondolewa rasmi katika matumizi mwezi Machi mwaka 2021. Yakionekana bado, kuna kifaa kilichosahauliwa.

5. Aweke kikomo cha kuhifadhi kumbukumbu, na programu izifute yenyewe. Kumbukumbu iliyofutwa haiibwi.

6. Picha inayoonwa na watu wengi iwe ya jumla, isiyo na majina. Anayetaka kuona mtu mmoja mmoja atoe sababu, na ombi lake liandikwe.

7. Wafanyakazi waelezwe kwa maandishi nini kinaonekana na nini hakionekani.

Jambo la 5 na la 6 ndiyo yanayorukwa zaidi, kwa sababu hayaongezi kitu kwenye skrini. Lakini ndiyo yanayomtofautisha mlinzi na mpelelezi, kwa kuwa vifaa vyao ni vile vile. Usimbaji utaendelea kufunga yale yaliyo wazi leo, na msimamizi ataendelea kubaki na mwendo tu wa kuutazama. Kwa kumkamata mwizi, mara nyingi mwendo huo unatosha. Kwa kuwalinda wanaoutumia mtandao, kinachohitajika zaidi ni yeye mwenyewe kuamua, kabla ya kuamuliwa na wengine, ni mangapi kati ya anayoyaona yanastahili kuandikwa.